Mguu wa Mshonaji

Siku mama yake Mshonaji alipozidiwa na ugonjwa, mumewe alimwambia pedi za breki zimekwisha, mpya hazipatikani mji mzima, na gari bovu halisafiri. Mshonaji akapanda basi, akafika na kumkuta mama amefunikwa shuka hadi usoni. Hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja. Alimwekea moyoni, na Mshonaji si mtu wa kutupa hata kipande cha uzi.

Haikupita miezi mingi, marafiki wa mumewe wakapanga kwenda kustarehe ziwani kwa gari lake. Basi asubuhi hiyo hiyo pedi mpya zikaonekana, zile zile zilizodaiwa kuadimika mji mzima! Bwana akapiga jeki uani, akafungua gurudumu la mbele, akamwita mkewe aketi kwenye usukani aukate, ili yeye apate nafasi ya kufanyia kazi.

"Ukishakata, tulia. Usiguse pedeli," alisema. "Nawe unavyojijua."

Alikuwa akikumbushia kisa cha zamani. Ndoa ikiwa bado changa, Mshonaji alikanyaga breki bila kujua wakati mumewe amefungua kile chuma kinachobana diski. Pistoni inayosukuma pedi ikachomoka, mafuta yakamwagika. Kisa hicho mumewe alikisimulia kila penye watu, na kila mara alikimalizia kwa kumwita mkewe kichwa maji. Mkewe alicheka pamoja nao, meno nje, roho inamuuma.

Sasa mumewe aliweka pedi kuukuu juu ya pistoni, akaifunga kwa klampu, kile chuma cha kubania, akawa anakaza polepole huku anapiga mluzi. Pistoni ikarudi ndani mpaka ikakaa sawa. Akafungua klampu, akaenda pembeni kupokea simu. Akawaambia wenzake wasimame barabarani kabisa, yeye yuko njiani.

Mshonaji aliutazama mguu wake wa kulia. Mguu ule ulikuwa umekanyaga cherehani miaka na miaka, na haukuhitaji kufundishwa. Akakanyaga. Akakanyaga tena, na tena, hadi pedeli ikazama na kitu kikadondoka chini. Aliona raha, nisifiche, raha ya kumfika kooni.

Mumewe alirudi mbio. Pistoni ilikuwa mchangani, na pedi mpya alizozipanga hapo chini zimelowa mafuta ya breki chepechepe, hazifai tena ila kutupwa.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga. Si unanijua, kichwa maji?"

Mumewe aliinama, akaiokota pistoni mchangani. Amshtaki kwa nani, na kila mtu ameshaambiwa na yeye mwenyewe kwamba mkewe hajui kitu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Simu ikaanza kuita tena; ni wenzake, wanataka kujua amefika wapi.

Mshonaji alishuka, akakung'uta gauni lake.

"Waambie tu, mume wangu. Pedi zimekwisha, na gari bovu halisafiri."

Akaingia ndani. Mumewe akabaki na simu mkononi inaita, akitafuta la kuwaambia, na hakupata jingine ila hilo.