Kaburi Ndani ya Boma la Ng'ombe

Mume wangu alifariki asubuhi, mwaka ule Mto Tana ulipofurika hadi kijiji chetu kikabaki vipande vya ardhi vya kufikiwa kwa mtumbwi. Homa ilimshika siku tatu tu. Barabara ya Garsen ilikuwa imekatika, kwa hiyo hatukuweza kumfikisha hospitali akiwa hai wala mochari alipokufa. Nilikaa kando ya kitanda nikimtazama. Machozi hayakuja. Nilichowaza kilikuwa kimoja: tutamzika wapi?

Makaburi ya kanisa yalikuwa chini ya maji, misalaba inaonekana vichwa tu. Uani kwetu ukipiga jembe mara tatu unakuta maji. Na kwa joto la huku, maiti haingoji.

Mahali pakavu palibaki pamoja tu, pale juu penye boma la jirani yetu, Mworma mfugaji. Yeye na mume wangu walikuwa hawajasalimiana kwa miaka miwili. Ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wetu ukiwa karibu kuvunwa, wakaula, uliobaki wakaukanyaga. Mume wangu alishika panga akamkata ndama mguu. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyepiga kelele kwamba amkate. Hili sijawahi kulisema kanisani.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alichukua mtumbwi akaenda kuomba. Nilijua atarudi na matusi. Alirudi upesi kuliko nilivyotarajia.

"Amesema tumlete kesho asubuhi," aliniambia. "Ng'ombe ameshaanza kuwatoa."

"Ulimwambia ni nani aliyekufa?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Aliuliza kama watoto wamekula."

Sikumwamini. Nilimuuliza tena, naye akajibu vilevile.

Kesho yake fundi wa kijiji alitengeneza sanduku kwa mlango wetu na mbao za kitanda. Tulifunga mitumbwi miwili pamoja, tukaliweka sanduku juu, tukavuka. Mzee wa kanisa alikaa mbele ameshika Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Bomani palikuwa pamefagiliwa, samadi yote imesukumwa pembeni. Jirani alikuwa amesimama na wanaume wawili wa kwake, wamejaa udongo hadi kifuani. Kaburi lilikuwa tayari.

Lilikuwa jembamba. Chini, ubavuni, walikuwa wamechimba mwanandani, ile nafasi ambayo Waislamu humlaza maiti wao ndani ya sanda. Sanduku letu halingeingia hata tungelisimamisha wima.

Shemeji alichungulia akanyanyuka. "Mnaona hawa? Kaka yangu hakusilimu akiwa hai, sasa wanamsilimisha akiwa amekufa."

Jirani alilitazama sanduku, akalitazama kaburi, na nikaona ameanza kuelewa.

"Nimechimba kama nilivyomchimbia baba yangu," alisema polepole. "Sanduku nilidhani ni la kumbebea tu, halafu mnarudi nalo. Kwetu cha kubebea kinarudi msikitini."

"Kwetu kinazikwa," shemeji alisema.

"Sikujua. Tutapanua."

Walishuka na majembe. Udongo ulikuwa umelowa. Walipokata upande mmoja, donge kubwa liliporomoka na nusura limfunike mmoja wao. Wakamvuta nje. Chini maji yalianza kuchuruzika, kidogo tu, lakini yalikuwa maji. Wapiga kasia wetu nao walisema mto unapanda na wakichelewa hawatatuvusha.

Ndipo wote waliponigeukia mimi.

Mzee wa kanisa aliniuliza, "Mama, tukimtoa sandukuni, una hakika hutajuta?"

"Sina," nilisema. "Mtoeni."

Shemeji aliketi chini akajifunika uso. Nilimvingirisha mume wangu vizuri kwenye shuka letu, lile la maua, kwa sababu sanda hatukuwa nayo. Nilikuwa nafanya kazi kama ninayekunja nguo za mtu mwingine. Jirani aliteremka kaburini na kunyoosha mikono juu kumpokea. Mtu ambaye ndama wake tulimkata alikishika kichwa cha mume wangu kwa viganja viwili, akakishusha kama anavyoshikwa mtoto aliyelala.

Akainua uso akaniangalia.

"Mama, sisi tunamgeuzia Makka. Huyu wenu tumgeuzie wapi?"

Sikuwa nimetarajia kuulizwa. Hata kanisani sikuwahi kusikia mtu akiulizwa hivyo. Nilifungua mdomo na likatoka jibu ambalo sikulipanga.

"Shambani kwake."

Nilipolisikia niliona aibu, kwa sababu ni shamba lilelile la ndama. Jirani alitazama upande wa maji, mpunga wetu ulipokuwa, akapima kwa mkono mwelekeo ulivyo. Kisha akainama akamgeuza. Mzee wa kanisa akasoma. Wale wanaume wawili walisubiri amalize ndipo waanze kufukia, na shemeji alisimama akachukua jembe la tatu.

Tulipomaliza nilitaka kumwambia jirani kuhusu ndama, kwamba kelele zilikuwa zangu. Nilianza.

"Siku ile ya ng'ombe, mimi..."

"Nilikusikia," alisema. "Nilikuwa nyuma ya migomba."

Alikuwa anakata matawi ya miiba na kuyapanga kuzunguka kaburi, moja juu ya jingine, kwa sababu jioni ng'ombe wangerudi na hakutaka wamkanyage.