Kapu Moja, Shilingi Mbili: Safari Yangu ya Kisumu

Nilifunga safari ya Kisumu nikiwa na daftari la bei na nia moja tu: kumrudisha Mwanza mdogo wangu Rehema, aliyeolewa huko miaka tisa iliyopita. Mumewe Ochieng, fundi wa majokofu, alikuwa ameitwa kazini Mwanza kwa laki sita na nusu za Tanzania kwa mwezi. Alisitasita, maana Kisumu analipwa elfu arobaini za Kenya. Mimi ni mama lishe. Bei za sokoni nazijua kuliko majina ya majirani zangu.

Sirari, saa tano asubuhi. Mpakani nilitoa shilingi ishirini zetu kupata moja ya Kenya. Kwa kiwango hicho mshahara wa Ochieng ni laki nane, na kuhamia Mwanza ni hasara. Lakini noti hailiwi. Nilitaka kujua kapu lile lile la chakula ni shilingi ngapi huku na ngapi kule. Hapo ndipo thamani ya pesa hujulikana.

Jioni nikawa Kisumu, na kesho yake Rehema akanipeleka soko la Kibuye. Nilipotoa pochi ninunue maharage, akanishika mkono.

"Dada, usiniaibishe. Mgeni wangu hanunui chakula."

Basi nikawa napita nikiuliza na kuandika: mahindi mia na thelathini, maharage mia tatu, mchele mia tatu na arobaini, pamoja na kilo ya sukari na lita ya mafuta.

Mchana nilipiga hesabu mezani. Kapu la Kisumu lilifika 1,280, la Mwanza 16,200. Kumbe shilingi ya Kenya inayouzwa ishirini mpakani, sokoni haifiki hata kumi na tatu!

"Shemeji, mshahara wako kwetu ni laki tano na kitu tu," nikamwambia Ochieng.

"Aki shem, nimekuwa nikijidanganya? Basi Monday napigia hao watu, nawaambia nakuja."

Rehema aliwatazama wanawe. Mimi moyo uliruka kwa furaha.

Jumamosi tulikwenda Katito, nje ya Kisumu, kumsalimu mama yake Ochieng. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo Rehema alipokuwa akichagua nyanya katika soko la huko niliponyoka nikaagiza kilo ya maharage. Muuzaji alijaza mkebe mkubwa mpaka ukafanya kichuguu.

"Mama, nimeomba kilo moja."

"Hapa hatupimi kilo, Mama. Hii ni gorogoro, ni kama kilo mbili. Hiyo ya juu nimekuongeza, maana umetoka mbali."

"Na Kibuye?"

"Hata Kibuye. Mahindi, mchele, yote ni gorogoro."

Nilikuwa nimelinganisha kilo mbili zao na kilo moja yetu. Ningeweza kunyamaza. Jumatatu ingefika, simu ingepigwa, na mdogo wangu angekuwa jirani yangu tena. Nilinyamaza njia nzima, na Mungu anisamehe.

Nyumbani kwa mama mkwe, Ochieng alinikaribisha kiti kizuri kuliko vyote, akamwambia mama yake kwamba mimi ndiye niliyemfumbua macho. Niliweka kikombe cha chai chini.

"Shemeji, nimekosea," nikasema, nikafungua daftari. Kapu la Mwanza, kwa kilo mbili mbili za mahindi, maharage na mchele, sasa lilifika 22,400. Shilingi ya Kenya ikawa kumi na saba na nusu, na mshahara wake laki saba, zaidi ya ule wa Mwanza.

Ochieng alijikuna kichwa. "Sasa shem, hapo si ni kubaki?"

"Ni kubaki."

Sirari tena, Jumapili, narudi. Nimejifunza kwamba kabla ya kulinganisha bei ulinganishe vipimo, la sivyo utaliona lile unalotaka kuliona. Lingine nilifundishwa na Rehema asubuhi, stendi ya Kisumu, basi likiwa linanguruma.

"Dada, kurasa zote hizo za bei. Mbona hukuniambia tu kwamba umenikumbuka?"

Mama lishe mwenye mdomo kama mimi, nikalia mbele ya abiria wote.