Mbwa wa Ukoo wa Uyarak

Shangazi Delma hakuja mjini Nome kushangilia mbio. Alikuja kugomba, na mimi ndiye niliyemleta kutoka kijijini kwetu Teller kwa pikipiki ya theluji, huku akinitwanga ngumi za mgongo kila nilipopunguza mwendo.

Hasira yake ilianzia kwenye redio. Alikuwa akichuna sili, mnyama wa baharini tunayemla, akamsikia mtangazaji wa mbio za sleji, yale magari ya theluji yanayovutwa na mbwa, akisema timu ya mjukuu wake inaongozwa na mbwa mzee aitwaye Masu. Kisu kikamwanguka. Masu ndiye mbwa wa mwisho wa ukoo wa mbwa wa marehemu mumewe, Uyarak. Mjukuu alimwomba mbwa huyo kabla bahari haijaganda, akapewa kwa sharti moja: awafundishe mbwa wadogo tu, mbio hapana.

Mjukuu huyo ni msichana, lakini alizaliwa mwaka aliozikwa babu yake, kwa hiyo naye ni Uyarak. Kwetu jina halichagui mwanamume wala mwanamke, na anayelibeba ndiye yule yule aliyeondoka. Tangu akiwa mchanga Shangazi humwita "mume wangu", na humwekea kipande kinono cha nyama.

Tulifika king'ora kikilia kutangaza timu inayokaribia. Watu walikuwa wamejipanga hadi kwenye tao la mbao ambapo mbio huishia. Masu akatokea mbele ya wenzake, ulimi nje, na msichana nyuma akiisukuma sleji kwa tumbo. Shangazi akapenya katikati ya watu.

"Wewe Uyarak! Mwongo mkubwa! Nilikupa mbwa ukaniulie barafuni?"

Masu aliisikia sauti ile. Akaacha njia, akawavuta wenzake wote kwenye umati, akaja kukaa juu ya viatu vya Shangazi. Kamba zikafungana. Timu ya nyuma ikatupita, ikavuka tao, ikapigiwa makofi. Kwa kweli nilimchukia shangazi yangu kwa dakika hiyo.

"Bibi, umeniharibia!" msichana alilia. "Haya, mwambie avuke. Mimi hanisikii tena."

"Simwambii ng'o! Huyu anarudi nyumbani."

"Ni mbwa wangu."

"Wako tangu lini, mtoto we?"

"Si ni wewe unayeniita mume wako? Haya, mbwa wa mumeo ni wa nani?"

Watu wakacheka. Shangazi akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye tao kwa vishindo, bila kumwita mtu wala mbwa. Masu akainuka, akamfuata, na timu nzima nyuma yake. Msimamizi mmoja wa mbio akataka kuwazuia. Shangazi alimtazama mara moja tu, naye akasogea pembeni.

Wakavuka. Hapo hapo Shangazi akapiga magoti kumkagua Masu, akitafuta kosa. Nyayo zilikuwa kavu, hazina hata mchubuko. Tumboni, ambako manyoya yalikuwa yamepukutika, palikuwa pamefungwa kitu kwa kamba. Akakifungua. Zilikuwa glavu za manyoya alizomshonea mjukuu wake.

"Alikuwa anatetemeka, Bibi," msichana alisema polepole.

Shangazi akamshika mikono. Msichana alikuwa amevaa glavu nyembamba za dukani. Zilipovuliwa, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na ncha za viwili zimeanza kuwa nyeusi kwa baridi.

Nilidhani nilishaiona hasira ya Shangazi. Nilikuwa sijaiona.

"Mjinga wewe! Zuzu! Nilikushonea wewe! Nani alikutuma uvue? Mbwa ana manyoya, wewe una nini?"

Akafungua koti lake palepale barabarani, akaisukuma mikono ile ndani hadi kwenye ngozi ya tumbo lake, akaibana.

"Inauma, Bibi!"

"Acha iume! Ikiuma ujue ingali hai."

Msichana akawa analia begani kwake. Masu amelala juu ya miguu yao. Mtu akakimbia kumwita muuguzi, na Shangazi hakuacha kufoka, ila machozi yalikuwa yanamganda mashavuni.

"Ulishanifia mara moja, mume wangu. Ya pili sikubali."