Waru za Shosho na Waru Zenye Cheti

Mama mkwe wangu alikuja Kitengela na kiondo kimoja, akakiweka nyuma ya mlango wa chumba chake, na hakupanga kitu kabatini. Alitoa nguo moja, akaivaa, ikafuliwa, ikakauka, ikakunjwa, ikarudi kiondoni. Mimi nina mdomo, kwa hivyo nilimuuliza. Akasema, "Mgeni hapangi nguo kwa kabati ya watu."

Kwao ni Nyandarua, kwenye baridi na ukungu, na alikuwa anaishi peke yake tangu mzee wake afariki. Kabla ya kuja kwetu alianguka zizini, akalala pale chini kwenye tope mpaka jirani aliyekuja kuchukua maziwa akamkuta. Mume wangu hakungoja mjadala, alienda akamleta. Lakini huyu mama si gunia la kabichi, kwamba ukilishusha mahali linakaa hapo. Kila asubuhi alisimama uani akiangalia ile nchi tambarare inayoenda hadi Kisaju na kwingine, akatikisa kichwa. "Hapa ni kuzuri," alisema. "Lakini mahali waru haimei si nyumbani."

Waru ni viazi kwa lugha yake. Sisi watu wa Ukambani tulilelewa kwa mahindi, mbaazi na pojo, na kwetu kiazi kilikuwa chakula cha Krismasi. Yeye akikosa waru siku moja anasema hajala, hata kama amemaliza sahani mbili za ugali. Watoto wangu wanamwita Shosho, nami nikazoea kumwita hivyo hivyo. Yeye huniita "mtu wa pojo", na nikinuna anacheka mpaka miwani inateleza.

Niseme wazi kwamba nilitaka abaki. Mume wangu anafanya kazi Namanga na hurudi wikendi, na watoto wakienda shule nyumba ilikuwa kimya mno kabla ya Shosho kuja kunigombeza. Halafu kila nilipofikiria lile zizi, na yeye pale chini peke yake, usingizi ulinipotea. Basi siku moja nikamwambia hata hapa waru itamea. Akanitazama kwa huruma.

"Ikimea, nabaki," akasema. "Ikikataa, mnirudishe kwangu. Na hakuna kulia." Kisha akaomba jembe. "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi mmenikalisha tu kama picha."

Udongo wetu ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kifaranga. Tuliinua matuta mawili, moja kila upande wa tangi la maji, tukachanganya na mbolea ya mbuzi kutoka boma la jirani yetu Mmasai. Alipoleta gunia la mwisho alitusalimia "sopa", akaangalia kazi yetu, akauliza kama tunawapandia mbuzi wake au tutakula wenyewe. Shosho alimwambia afunge mbuzi wake.

Ugomvi ulianza kwenye mbegu. Shosho alienda kibandani kwa mama anayetuuzia sukuma, akachakura lile rundo la viazi na kuchagua vyenye udongo mwekundu uliogandia kwenye ngozi. Alikuwa ameutambua. "Hii imetoka kwetu," aliniambia, akikisugua kiazi kwa kidole gumba. Aliviweka chini ya kitanda vikachipua, halafu akakaa uani na kisu cha jikoni, akakata kila kiazi vipande, kila kipande na jicho lake, akavipaka jivu. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama ya mama yake.

Mimi nilienda Kajiado mjini, kwenye duka la pembejeo, nikarudi na mfuko wa mbegu iliyothibitishwa. Ulikuwa umeshonwa mdomo na kufungwa kikaratasi cha ukaguzi. Muuzaji alikuwa amenionya kwamba kiazi cha kula kinaweza kuonekana kizuri kumbe kimebeba ugonjwa ndani, na kwamba kisu kinauhamisha kutoka kimoja hadi kingine. Nilimweleza Shosho. Alishika kile kikaratasi, akakigeuza.

"Hii waru ilisomea wapi mpaka ikapewa cheti?"

"Shosho, imekaguliwa."

"Hata mimi nimekagua hizi zangu. Na bila kwenda Kajiado."

Basi kila mmoja akapanda tuta lake. Zake zilikuwa nyeupe, zangu nyekundu. Zake ndizo zilizotangulia kuota, zikanenepa mashina, na akina mama wa kanisani waliletwa mmoja mmoja kuziona. Walipofika kwenye tuta langu alisema, "Hizi za msomi bado ziko darasani." Nilijifanya nimeudhika. Kwa kweli nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi, kwa sababu ushindi wake ndio ulikuwa wangu. Nilimwagilia tuta lake kwanza kabla ya langu.

Kisha mchana mmoja majani yake yakalegea. Jioni yakasimama. Akasema ni kiu, akaongeza maji. Kesho yake yakalegea tena, na safari hii mashina mengine hayakusimama. Mume wangu aliponipigia nilimweleza, akaniambia, "Chukua zako chache uzike kwa tuta yake. Akichimba atapata." Nikamwambia mama yake si mtoto, anajua nyekundu na nyeupe. Akaniuliza kama kiondo bado kiko nyuma ya mlango. Kilikuwa hapo hapo.

Yule muuzaji wa Kajiado alikuwa amenifundisha jambo moja: kata shina lililonyauka, ulisimamishe ndani ya glasi ya maji safi, utazame; kama ni ugonjwa, utatoka mweupe. Tulikaa kwenye meza ya baraza, Shosho na mimi, na glasi katikati. Hatukungoja sana. Kutoka kwenye mkato uzi mweupe ulianza kushuka majini polepole, kama maziwa. Mimi nilitamani kuimwaga ile glasi.

Shosho alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Naijua hii," akasema. "Hii ndio ilimaliza shamba ya mzee. Sisi tulikuwa tunasema ni mvua."

Aling'oa mimea yake yote, akaokota na kila kiazi kilichooza, akatia gunia, tukaenda kuchoma mbali na tangi. Kisha akaosha jembe kwa sabuni. Akaosha gambuti zake, akaniamuru nioshe zangu. Ugonjwa huo hukaa udongoni, kwa hivyo kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutoka upande wake wa tangi kwenda upande wangu bila kusimamishwa. Hata paka alifukuzwa. Alinikemea nilipomwagilia maji mengi, akanikemea nilipomwagilia kidogo, akapalilia tuta langu kuliko alivyopalilia lake. Nilianza kutumaini. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Hii tukivuna, Jumamosi mtanipeleka. Mkataba ni mkataba. Udongo ilinikataa."

"Udongo haikukataa, Shosho. Ni ile mbegu."

"Mtu wa pojo, usinifundishe kukataliwa."

Tulivuna siku ya Alhamisi. Alikataa jembe, akachimba kwa mikono, na kila alipogusa kiazi alikitoa taratibu, akakiangalia kila upande. Vilikuwa vingi kuliko nilivyothubutu kuota. Jioni alivipika na mahindi, akaviponda kuwa mukimo, akaonja, akafikiria. "Ina maji kidogo," akasema. Akaongeza sahani, kisha akaongeza tena. Mimi yangu niliwagawia watoto.

Jumamosi mume wangu alikuwa amefika, gari liko langoni. Niliingia chumbani kwa Shosho kumsaidia kubeba. Sikuona kiondo nyuma ya mlango. Nikajua amekwisha kukitoa mwenyewe, nikahisi machozi, na mimi nilikuwa nimekatazwa kulia. Nikafungua kabati nione kama amesahau kitu.

Sweta zake zilikuwa zimepangwa humo. Na leso za kichwa, na gauni la kanisa, likining'inia.

Kiondo kilikuwa chini ya kitanda, kimefunikwa gazeti. Niliinama nikalifunua. Ndani mlikuwa na viazi vyekundu, vya tuta langu, vyote vya ukubwa wa yai, vimepangwa macho yakiangalia juu.

"Toa mkono," Shosho alisema mlangoni. "Hiyo si ya kula. Hiyo ni mbegu."

Yule muuzaji alikuwa ameniambia mbegu safi ndiyo ya kununua, hizi za kujiwekea nyumbani huchoka kidogo kidogo kila msimu. Nilikuwa naijua hiyo hotuba yote, na nikaimeza.

"Na gari, Shosho? Mtoto wako anangoja."

"Mwambie aizime," akasema. "Na pale kwa ile tuta yangu tutaweka vitunguu. Waru hatupandi pale tena, mpaka hawa watoto wako wamalize shule."