Mtu Aliyegeukia Ukuta

Sabuni ndiyo iliyoniharibu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, na bwenini mwetu kulikuwa na mtu anaiba vipande vya sabuni, miezi ile ambayo kipande kimoja ulikipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Mwalimu wetu wa saikolojia ya uhalifu, Mzungu aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili, alikuwa ametoka kutufundisha dalili za mtu mwenye hatia: hukwepa macho, humeza mate, hugeuza mwili, huchelewa kujibu. Nilikuwa nimeziandika kwenye daftari langu la jalada la buluu na kuzipigia mistari. Jioni moja niliwakalisha wenzangu wanane kwenye vitanda vyao, nikamuuliza kila mmoja swali lile lile. Wa sita akameza mate. Tulipofungua sanduku lake tulikuta vipande vitatu.

Tangu siku hiyo wakaniita Mpelelezi, utani nusu, heshima nusu, nami nikavimba kichwa. Yule mwenzangu alikuwa na vidonda vya koo wiki nzima, na angemeza mate hata angeulizwa jina la kijiji chao. Hilo sikutaka kulifikiria. Nilikuwa nimepata kazi ya maisha.

Likizo ndefu ilipofika tulipangiwa mafunzo ya vitendo. Wenzangu walichagua mahakama, mimi nikaomba polisi. Nilitaka kuwaona wahalifu wakiwa wabichi, kabla hawajafundishwa la kusema. Nikapelekwa kituo kimoja cha wilaya ya Kilwa, kwa sababu mimi ni mtu wa Pande na chuo kilidhani kwamba nitawaelewa watu wa huko.

Mkuu wa upelelezi pale alikuwa sajini mmoja kutoka kanda ya ziwa, mwenye miezi mitatu tu kwetu. Hakuwa mtu mkatili. Alikunywa chai ya rangi kutwa nzima na alichoshwa na joto. Siku ya kwanza alinitazama na daftari langu, akacheka.

"Mimi najua kukamata," akasema. "Wewe, Msomi, unajua kusoma vichwa vya watu. Tutagawana kazi."

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, yaliyobaki mahame, na kupangwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mstari, na wengi walihama mihogo yao ikiwa bado ardhini. Kisha mvua ikakataa. Yale mahindi ya njano yaliletwa kwa malori, yakawekwa ghala la kijiji, yakagawiwa kwa kibaba. Watu waliyasema vibaya na wakayala. Kuyaiba kulikuwa sawa na kumwibia kila mtu chakula chake mdomoni, na hapakuwa na aliyemhurumia mwizi wa aina hiyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Wiki yangu ya tatu wakamleta mtu kutoka kijiji kimoja kipya, upande wa Likawage. Siku ya mkutano wa chama, mchana, watu wote wakiwa uwanjani wanasikiliza hotuba, kufuli la ghala lilivunjwa na magunia manne yakatoweka. Mabalozi wa nyumba kumi kumi walikuwa wameita majina. Mwanamume mmoja tu hakuwapo. Aliporudi jioni akaulizwa alikuwa wapi, akajibu alikuwa porini. Kufanya nini? Shughuli zangu. Basi, wakamfunga kamba.

Nilimpelekea maji mahabusu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, amekunja miguu kwenye sakafu ya saruji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaninyanyulia uso haraka, maana alisikia lafudhi. "Kwenu wapi?"

"Pande."

Akanywa maji yote bila kushusha kopo. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi wewe wa kwetu."

Nikamuuliza siku ile alikuwa wapi. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema tena kwamba alikuwa porini. Nilirudi mezani nikaandika: huchelewa kujibu.

Siku ya nne mkewe alifika kwa miguu, na nyuma yake mama mmoja mzee amejifunika kaniki mpaka machoni. Sajini hakuelewa nusu ya maneno ya yule mke, kwa jinsi alivyochanganya Kiswahili na Kimatumbi, akaniachia mimi nimsikilize barazani. Hivyo maelezo yote niliyapokea mimi, peke yangu.

Mke alisema kwamba yule mzee ni mama yake mzazi. Wakati wa kuhama aligoma. Watoto wake watano wamezikwa kwenye lile hame, akasema hawaachi. Akajificha, na nyumba yake ikabaki peke yake kule msituni bila kiongozi yeyote kujua. Tangu hapo mkwewe ndiye aliyemlisha. Kila wiki alikwenda na unga kidogo wa fungu lake mwenyewe, akauweka juu ya kisiki mwisho wa uwanja wa nyumba yake, akakohoa mara tatu, akageuka akaenda zake. Mama alitoka ndani baada ya vishindo vyake kupotea. Siku ya mkutano ilikuwa nzuri kwa safari hiyo kwa kuwa mgambo wote walikuwa uwanjani.

"Miaka kumi na moja nimeolewa," akasema, "na hawajatazamana hata mara moja. Lakini mama amekubali kuja kusema. Anajua mkishamuona hamtamwacha arudi kule. Amesema bora yeye ahame kuliko mtu wa watu afungwe."

Nilimwambia sajini kwa kifupi: mke ameleta shahidi. Sajini akasema basi tuwakutanishe, na mke angoje nje, wasije wakapeana maneno.

Mtuhumiwa alikuwa ameketi kwenye kigoda ofisini yule mzee alipoingizwa. Alimtazama miguu tu, akasimama papo hapo, akageukia ukuta, paji la uso karibu liguse chokaa. Mzee naye akavuta kaniki ikafunika uso mzima, akaketi sakafuni, akaelekea mlangoni. Wakakaa hivyo wamepeana migongo, hatua tatu kati yao.

"Unamfahamu huyu mama?" sajini akamuuliza mtuhumiwa.

Akameza mate, asijibu. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Mama, siku ya mkutano ulimuona huyu?"

"Sikumuona."

"Umewahi kumuona hata siku moja?"

"Sijawahi, bwana," akasema yule mama kwa sauti ndogo, akiuambia mlango. "Nilisikia kikohozi."

Sajini akaweka kalamu chini. Akanigeukia. "Msomi, wewe mtu wa huku. Hii ni nini?"

Sasa niseme ninachokijua, maana nimekaa nacho muda mrefu na kimenichosha. Bibi yangu mzaa mama alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba alipomuona anakuja njiani alichepuka akaingia vichakani, mtu mzima, imamu wa msikiti, akasimama humo mpaka bibi apite. Bibi alipotaka kumwomba baba amrekebishie paa, alisimama nyuma ya ua wa makuti akaniambia mimi, "Mwambie baba yako paa linavuja," na baba, aliyekuwa upande wa pili wa ua ule ule, akaniambia, "Mwambie bibi yako nitakuja kesho." Nilipeleka maneno hayo hatua mbili. Kwetu mwanamume akimtazama mkwe wake usoni amemvua nguo mbele ya watu. Sikulijifunza hilo kwa mtu, nililinyonya.

Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Mara tu alipogeukia ukuta nilimwona baba yangu vichakani. Ila mwaka wa kwanza chuoni niliwahi kuwasimulia wenzangu habari ya baba na ule ua, nikidhani nawachekesha, wakacheka kweli, na mmoja wa mjini akasema ndiyo maana watu wa kusini hamwendelei. Aibu ilinichoma. Tangu hapo mambo ya kwetu niliyaweka kwenye fungu la ujinga, ule tulioambiwa ni adui wa taifa. Na lingine, baya kuliko hilo: mbele yangu palikuwa na mtu mmoja mwenye dalili zote nne za daftari langu. Anakwepa macho, anameza mate, amegeuza mwili, hajibu. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kilichokamilika namna ile, na nilifurahi.

"Ni dalili, afande," nikasema. "Anashindwa kumkabili shahidi aliyemwandaa mwenyewe."

Sajini akakunja uso. "Una hakika? Si mila zenu hizi?"

"Mila zipo, afande. Lakini mtu asiye na hatia, uhuru wake ukiwa hatarini, huziweka kando."

Hiyo sentensi nilikuwa nimeitunga papo hapo na nikaiona nzuri. Niliiandika kwenye taarifa yangu, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili cha vitabu. Sajini aliisoma mara mbili, akaiweka kwenye jalada.

Wiki iliyofuata nilirudi chuoni. Ile taarifa niliigeuza kuwa kazi yangu ya likizo, ikapata alama za juu kuliko zote, na mwalimu akanisimamisha darasani niisome. Wenzangu wakapiga makofi. Nami niliinama kidogo, kama mtu aliyestahili.

Yaliyofuata niliyapata kwa sajini mwenyewe, mwaka uliofuata, tulipokutana kituo cha mabasi nikienda kuwaona wazazi. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai. Akanisimulia bila kupandisha sauti. Kwenye kesi, mzee mmoja wa baraza alisimama akasema kwamba yule ni mkwe, asingeweza kumtazama. Hakimu akamjibu kwamba jambo hilo taarifa ya mtaalamu ilikuwa imeshalijibu, akawasomea sentensi yangu. Mzee akabaki peke yake, wenzake wawili wakamshinda. Mke alitoa ushahidi wake, wakasema mke humtetea mumewe. Kile kikohozi hakikuandikwa popote. Mtu akafungwa miaka mitatu. Yule mama alipandishwa kwenye trekta la kijiji akapelekwa kwa binti yake, na mgambo wakaangusha nyumba yake ya kule msituni ili asirudi.

"Magunia yamepatikana," sajini akasema. "Kwa shemeji wa mtunza ghala. Kufuli alilivunja mtunza ghala mwenyewe kabla hajaenda mkutanoni, na hotubani alikaa mstari wa mbele. Nimeandika barua yule mtu atolewe. Nimeandika mara tatu. Karatasi zinazunguka."

Nikamuuliza habari za yule mama.

"Amekufa masika. Binti yake aliomba akazikwe kule kwa watoto wake, hawakuruhusu." Akamaliza chai yake, akakung'uta kikombe chini. "Nilikuuliza, Msomi," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

Nikataka kumlipia chai, akakataa, akalipa yake.

Nilimaliza masomo kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, lakini upelelezi sikuuomba tena. Nikaajiriwa kwenye masjala, napanga majalada ya watu wengine kwenye rafu, na daftari la buluu nililitia kwenye jiko la kantini. Ilinichukua miaka miwili kupiga moyo konde. Nilikuwa nimesikia kwamba yule mtu ametolewa. Nikapanda lori la korosho mpaka Likawage, na kutoka hapo nikatembea hadi kile kijiji, njia nzima nikipanga maneno ya kuomba radhi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amezeeka kupita miaka iliyopita. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea mkeka. Mkewe alitoka, akanitambua, akarudi ndani na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

"Wewe ndiye yule kijana wa Pande," akasema.

"Ndiye, baba. Nimekuja kukuomba radhi."

Aliendelea kuchonga. Kisha akasema, polepole, kwamba siku ile pale ukutani alimsikia sajini akiniuliza mimi, akashusha pumzi, akajua balaa lake limekwisha. Halafu akasikia jibu langu. Maneno yenyewe yalikuwa makubwa, lakini alielewa kwamba nimemkana.

"Nikajiambia, huyu ni wa kwetu, na ni msomi," akasema. "Hawezi kusema vile bure. Lazima ana njia yake, anawazunguka hawa. Basi nikanyamaza nisije nikakuharibia. Hata kule kwa hakimu, aliponiuliza kama nina la kusema, nikasema sina. Nikakutafuta kwenye mabenchi."

Yale maneno niliyoyapanga njiani niliyaacha.

"Nilikuwa nimesharudi chuoni, baba," nikasema.

"Ee," akasema, akaujaribu mpini kwenye tundu la jembe, ukawa bado mnene. "Nilijua tu utakuwa na masomo."