Bomba la Inchi Moja

Agnes Keji alifika Midia kwa pikipiki, amebeba spana, koleo na mpira mwembamba wa kupimia nguvu ya gesi. Mzee Nasur alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Fundi iko wapi?"

"Iko hapa, Mzee. Shimo ya gesi iko wapi?"

Nilikuwapo, na hasira ya siku ile bado ninayo. Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu ameunganisha mabomba, kuanzia nyumba zinazotumia mitungi ya gesi kule Arua Hill hadi mashamba ya Koboko yanayopika kwa gesi ya samadi, na bado kila ua humtafutia mwanamume aliyejificha mgongoni pake. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu Shakira, mke wa pili wa Nasur. Daktari alimwonya kwamba asipoachana na moshi wa kuni, kifua chake hakitapona.

Shimo la samadi lilichimbwa karibu na jiko la Rabia, mke wa kwanza, hatua kumi na mbili tu. Jiko la Shakira liko ng'ambo ya zizi, hatua sabini na tano. Nasur alikuwa amekwisha kununua mabomba: nusu inchi huku, nusu inchi kule. Katika ndoa yake, anachopewa mmoja hupewa na mwenzake, kitenge kwa kitenge, sufuria kwa sufuria.

Keji alipima njia zote mbili, akatikisa kichwa. "Huku nusu inchi inatosha. Kule inataka inchi moja. Hii gesi haina nguvu. Njia ikiwa ndefu na nyembamba, inachoka."

Rabia alicheka. "Mdogo apate bomba nene kunishinda? Kesho atataka kitanda yangu."

"Bibi zangu iko sawa," alisema Nasur. "Weka sawa, fukia."

"Nitaweka, Mzee. Kufukia, hapana."

Akayatandaza mabomba juu ya ardhi, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama gesi inavuja, akawasha majiko yote mawili. Kisha akamgeukia Rabia. "Mama, chukua birika yako. Leo chai utapika kwa Shakira, na yeye apike kwako."

Rabia alikwenda kwa mbwembwe. Shakira alikuwa amekwisha kunywa kikombe cha pili Rabia alipotoka ng'ambo ya zizi, birika mkononi.

"Nasur, hii maji ni ya kuogesha mtoto. Bomba ulimpa. Moto hukumpa."

Mzee akapanda nyuma ya pikipiki ya Keji, wakaenda Koboko mjini kutafuta inchi moja.

Siku mbili Keji alichimba mtaro, akiuinamisha kidogo kidogo ili unyevu ndani ya bomba urudi kwenye kichupa cha kuukusanyia, usije ukaziba njia. Alipomaliza, alitia maji katika ule mpira wa kupimia, akaufunga kwanza jikoni kwa Rabia, kisha kwa Shakira, aone gesi inayasukuma maji hadi wapi. Rabia alimfuata kote kote na kuinama kuyakagua maji. Tofauti haikufika hata upana wa kidole.

"Sasa iko sawa," akasema Rabia.

Jioni hiyo Shakira aliyang'oa mafiga yake matatu, meusi kwa masizi, akataka kuyatupa. Keji alimzuia. Aliyapanga juu ya mtaro, moja kila baada ya hatua ishirini, ili mwenye jembe ajue mahali pa kutolima.