Kovu la Meno ya Debora

Wiki iliyopita daktari alimulika pua ya mjukuu wangu, akasema, "Bibi, ukuta wa katikati umepinda. Hewa haipiti. Itabidi afanyiwe upasuaji." Nikakitazama kidole changu.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na stesheni ya Munisagara, na nyumba ilikuwa bado inanuka udongo mbichi. Mdogo wangu Debora alipumua kwa mdomo usiku na mchana. Mama alisema ni mafua tu. Alasiri ile akachemsha majani ya mvumbasi, akatufunika blanketi moja, mimi na Debora na chungu chetu, tujifukize.

"Debora, fumba mdomo! Vuta kwa pua!" mama alisema kutoka nje.

"Siwezi, mama."

Mimi nilivuta bila shida, kwa hiyo nikajua ni ukaidi. Nikamziba mdomo kwa mkono. Alirusha miguu, treni ikapita ikipiga honi, nami nikazidi kukaza, mpaka aliponing'ata kidole na kulitupa blanketi.

Miaka yote nimewaonyesha watu kovu hili nikisema Debora alikuwa mkorofi.

Jana nilimpigia simu. "Shikamoo dada," akasema, kisha nikamsikia bado anahema kwa mdomo.